Mahindi Mabovu Yalikwenda Wapi?

Wapendwa, mnanijua mimi kwa kuulizauliza. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilikosea njia, ningekuwa polisi. Basi leo nawaletea mtu anayenizidi.

Kulikuwa na familia moja iliyolima mahindi, baba, mama na watoto wao. Hawakupeleka gulioni. Waliuza kwenye kiwanda kinachotengeneza unga wa uji wa watoto, na chakula cha watoto, jamani, hakina mchezo. Punje iliyovunjika haitakiwi, iliyoingia ukungu ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila msimu yule mama alikaa juu ya turubai akachambua mpaka vidole vikafa ganzi. Miaka saba, mzigo wao haukurudishwa hata mara moja. Kijiji kizima kiliwasifu.

Siku moja kiwanda kikamtuma mkaguzi, mwanamke. Akaingia ghalani, kuko safi. Akatoboa magunia, akatoa punje, safi. Mwingine angeandika ripoti akaenda zake. Yeye akazunguka nyuma ya nyumba. Akachungulia banda la kuku, tupu. Akauliza kama wana nguruwe, akaambiwa hawafugi. Akaenda mpaka kwenye shimo la taka, akakuta maganda ya ndizi tu. Mwenye shamba akaanza kuchoka naye.

"Baba," mkaguzi akamwuliza, "kila shamba ninalokwenda nakuta rundo la mahindi mabovu. Ya kwenu huwa yanakwenda wapi?"

Hebu na wewe jiulize hapo ulipokaa. Yalikwenda wapi?

Yule baba akacheka kwa fahari. "Sisi hatutupi kitu, dada. Tunayaosha, tunayaanika, tunasaga. Ndiyo ugali wetu."

Na kweli, muda huohuo mkewe akatoka jikoni na ugali wa mgeni. Alitembea taratibu, maana mwaka ule wote tumbo lilikuwa linamsumbua na macho yake yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Dawa alishakunywa za kila aina. Mgeni akanawa, lakini mkono haukwenda kwenye sahani. Akaomba unga kidogo, akautia kwenye kipimo alichokuwa nacho mkobani, wakasubiri wote. Kipimo kikaonyesha sumu. Akawaeleza kwamba sumu hiyo inaletwa na ukungu, haitoki kwa kuosha wala kwa moto, na inaharibu ini la mtu polepole. Akamsihi yule baba ampeleke mkewe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa sikilizeni swali la kwanza lililomtoka mwanaume yule.

"Kwa hiyo mtaukataa mzigo wangu?"

Mkaguzi akamjibu kwamba mzigo hauna tatizo lolote. Ya kiwandani yote ni mazuri.

Mkewe akaweka chini jagi la maji. Hakupaza sauti. "Miaka saba nachambua kwa ajili ya watoto nisiowajua," akasema. "Uchafu wote nimewapikia wanangu. Na wewe unauliza mzigo?"

Naona mnatikisa vichwa. Mnamshangaa. Ngojeni kwanza, maana wachambuaji ni sisi. Kazini bosi anatukosea, tunameza, tunasema hakuna shida mzee. Mteja anatukana, tunatabasamu. Leo hapa mlangoni mmesalimiana vizuri mpaka nimefurahi. Mazuri yote tumeyatoa nje. Na ile hasira, ile kejeli, kule kununa, tunavipeleka wapi? Tunarudi navyo nyumbani. Tunawapakulia wale wanaotupenda, halafu tunashangaa kwa nini mtoto akisikia geti linafunguliwa anakimbilia chumbani.

Wala mimi sijitoi. Jana wakati nakula, mmoja wenu alinipigia simu mara tatu, kwa jambo dogo tu, na mara zote tatu nilimpokea kwa upole. Nilipoweka simu chini, mke wangu akaniuliza kama aniongeze mchuzi. Nikamwambia, "Hivi huoni nina kazi?"

Amekaa pale, mstari wa pili. Mke wangu, mbele ya kanisa hili lote, naomba unisamehe.