Mbwa wa Nakijwa na Zamu ya Maji

Mbio za mbwa si hasira zake. Mmemsikia Bibi Namkunda akimwambia hivyo mkwewe asubuhi hii, mkacheka, kisha mkaja kuuliza mbwa ameingiaje katika maneno ya watu wazima. Basi pukuchueni hayo mahindi polepole ili tusikilizane. Methali hii ilianza hivi.

Huko Ndarasha, juu kwenye milima ya Upare, maji ya kumwagilia mashamba yalikusanywa katika bwawa la udongo liitwalo ndiva. Siku ya mgao, kukipambazuka, mlinzi wa ndiva alipuliza baragumu, akazibua, na maji yakateremka mferejini. Mwenye zamu ilimpasa akimbie. Alitakiwa awahi penye mchepuko wa shamba lake na auzibe mfereji mkuu kwa majani ya mgomba na matope, la sivyo maji yangempita yaende kwa wa chini, naye angengoja siku nane nyingine huku mahindi yake yakijikunja. Kwa hiyo Ndarasha kila mtu alijua kukimbia, hata vikongwe. Na kwa sababu hiyo palikuwa na sheria moja isiyo na huruma: mbwa atakayemshambulia mtu kwenye njia ya maji, asiuone mgao unaofuata.

Nakijwa alikuwa mjane, na shamba lake lilipakana na msitu. Nguruwe pori walimvamia huku, ngedere wakamvamia kule. Kinga yake ilikuwa mbwa mmoja wa rangi ya majivu, mwenye miguu kama mabua ya mtama. Watu walipomcheka siku alipomleta angali mtoto, alimpa jina la Subirini. Nao walisubiri, wakaona. Tangu mbwa huyo akue, Nakijwa alivuna mahindi yake mwenyewe badala ya kuokota mabaki ya nguruwe.

Sasa, siku moja ilikuwa zamu ya jirani yake, Mrindoko, mtu wa kifua kipana na sauti kubwa, aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wa Nakijwa. Alichelewa kuamka. Baragumu lilipolia, akafunga fungu la majani makavu ya mgomba kwa kamba, akatimua mbio huku akiliburuta. Majani yakawa yanaruka na kuchakarisha nyuma yake.

Subirini alikuwa amelala ukingoni mwa shamba. Aliinua kichwa, akakiinamisha, akaondoka kama mshale. Hakubweka. Mrindoko hakusikia kitu mpaka kamba iliponyakuliwa, akaanguka kifudifudi mferejini. Maji yakampanda mgongoni, yakaenda zake kwa jirani wa chini.

"Amekuja kimya kimya kama chui!" alifoka watu walipokusanyika. "Shemeji, hukufuga mbwa. Umemlea muuaji kwa uji!"

Nakijwa alichuchumaa, akautazama mguu wa Mrindoko uliochubuka, kisha akaliokota lile fungu la majani na kuligeuzageuza.

"Jeraha hili ni la jiwe, shemeji," alisema kwa sauti yake ya chini. "Alama za meno ziko hapa, kwenye majani."

"Kwa hiyo ningoje yafike kwenye nyama ndipo uamini?"

Nakijwa aliona swali lile ni la haki. Akamgeukia Mzee Senzota, mkuu wa ndiva.

"Baba, mgao unaofuata ni baada ya siku nane. Niachie hizo siku nimtazame. Nikiona anawachukia watu, kamba nitaileta mwenyewe."

Mzee Senzota alikubali, ingawa wengi walinung'unika.

Nakijwa alirudi nyumbani na mbwa wake. Bila Subirini, msitu ungelirudia shamba lake kabla ya mavuno. Lakini aliogopa pia kumtetea mnyama ambaye kesho angemrarua mtoto wa mtu. Hakutaka kuamini kwa sababu anapenda, wala kulaani kwa sababu watu wamelaani. Akaanza kumtazama.

Siku ya kwanza alimsogelea mbwa akiwa anakula, akakishika chombo chake. Subirini akatikisa mkia. Siku ya pili aliwaomba wageni waliokuwa wakipita waingie uani mwake. Mbwa akawanusa miguu, akaenda kulala. Siku ya tatu aliburuta kibuyu kwa kamba. Loo! Mbwa yule yule mpole akabadilika macho. Akainama, akanyemelea, akaruka. Kibuyu kiliposimama, akakigusa kwa pua mara mbili, kisha akamtazama Nakijwa kama anayeuliza: mbona hakiendi tena?

Nakijwa aliona mengi, ila hakujua bado ameona nini.

Siku ya tano alipita kwa Mzee Senzota, ambaye alikuwa na mbwa mzee mnene aliyelinda zizi. Mbwa huyo hakuwahi kumfukuza hata kuku, na kijiji kizima kilimsifu kwa upole. Nakijwa alipolikaribia zizi, manyoya ya mgongo wa yule mbwa yalisimama. Mwili ukakakamaa, midomo ikapanda, mngurumo ukatoka tumboni. Nakijwa akarudi nyuma hatua tatu. Mbwa akanyamaza. Akarudi nyingine tatu. Mbwa akalala, ameridhika. Mzee Senzota aliyaona hayo yote kutoka mlangoni.

Nakijwa akasimama pale pale njiani, mkono kifuani. "Huyu anaridhika nikiondoka," alijisemea. "Wangu anasisimka kitu kikikimbia!"

Siku ya nane kijiji kizima kilikuwa kwenye ndiva kabla ya baragumu. Kamba ya kumnyongea mbwa ilikuwa tayari begani mwa kijana mmoja. Nakijwa alikuja na Subirini upande mmoja, na fungu la majani ya mgomba upande wa pili.

"Wazee wangu," alisema, na watu wakasogea ili wamsikie, "mwenye hasira anataka uondoke. Ukiondoka, amekwisha. Huyu wangu anataka kitu kikimbie. Kikisimama, amekwisha. Namwomba shemeji akimbie tena kama siku ile. Mbwa akifika, aiachie kamba, asimame."

"Mimi?" Mrindoko alitoa macho. "Kimbia mwenyewe! Mguu mmoja ameshaula."

"Jiwe ndilo lililoula!" mtu mmoja akadakia, na kicheko kikapasuka.

Mke wa Mrindoko akampazia mumewe sauti. "Baba Eliamani, kukiwa na pombe ya harusi huombwi mara mbili kukimbia! Au unaogopa mbwa wa mjane?"

"Mimi namwogopa nani?" Mrindoko akainyakua kamba.

Akakimbia kando ya mfereji, majani yakichakarisha nyuma yake. Nakijwa akamwachia mbwa. Subirini aliinama, akanyooka, akaenda bila sauti, na kina mama wakafumba macho. Nakijwa hakufumba.

"Achia!" aliita. "Simama!"

Mrindoko akaachia, akasimama kama gogo, mikono kichwani, midomo ikitaja mababu zake mmoja mmoja. Mbwa akalidaka fungu, akalitikisa mara tatu, majani yakatapakaa. Fungu likatulia. Subirini akaliangusha. Akainua macho, akamwona mtu mzima anatetemeka hatua moja mbele yake. Akamsogelea, akanusa ule mguu wenye kovu, akaulamba.

Mrindoko akashusha mkono mmoja polepole, akauweka juu ya kichwa cha mbwa.

"Jamani," alisema, sauti kubwa yote imemwisha, "hana neno na mimi. Hata kunikumbuka hanikumbuki!"

Vigelegele vikapanda mlima na kushuka. Kijana wa kamba aliitupa chini, akawa wa kwanza kucheza.

Nakijwa alingoja kelele zipungue. "Sisemi hana kosa," aliongeza. "Kuku akikimbia mbele yake atakufa, na mtu akivutwa ataanguka. Siku za maji nitamfunga. Lakini amri ya kumfunga ni moja, na ya kumuua ni nyingine."

Mzee Senzota aliinua fimbo yake mbele ya wote. "Sheria yetu ilitazama miguu tu," alisema. "Tangu leo, kabla ya kumhukumu mbwa, tutauliza kwanza: alitaka uondoke, au alitaka kitu kikimbie? Na mbwa wangu wa zizini, ambaye nyote mmemsifu, leo hii nitamjengea ua, watoto wasimkaribie."

Akampa ishara mlinzi wa ndiva. Baragumu likalia, maji yakafunguliwa. Wazee walikuwa wamempa Mrindoko zamu ya kwanza, kufidia ile iliyompotea, naye akatimua mbio tena, safari hii amelikumbatia fungu lake kifuani, kijiji kizima kikimkimbilia nyuma kwa nderemo. Njiani mzee mmoja, akihema, alimuuliza kama kweli amemsamehe mbwa yule.

Mrindoko akamjibu bila kugeuka, na ndivyo tusemavyo hadi leo tukiona mtu anamwita mwenzake adui kwa sababu tu amemwona anakuja kwa kasi: "Kumsamehe nini, mzee wangu? Mbio za mbwa si hasira zake!"