Mchwa Katika Ghala la Nyati

— Paukwa!
— Pakawa!
— Walikuwapo?
— Walikuwapo, wakanyamaza!

Basi nyie msininyamazie, maana nitajua mmelala.

Nyati alikuwa mkubwa wa ghala la mtama, lililojengwa juu ya nguzo ukingoni mwa mto. Wanyama walilima, wakavuna, wakaupandisha mtama humo uwe chakula chao cha kiangazi. Kila asubuhi Nyati alikuja, di, di, di, akauliza, "Kuna neno?" Nao wakajibu, "Hakuna neno, mkubwa."

Siku moja Mzee Kobe, fundi wa nguzo, akasema, "Lipo, mkubwa. Mchwa wameingia nguzoni. Sikiliza: krr, krr, krr."

"Nani kakuuliza?"

"Si umeuliza wewe, mkubwa?"

Loo. Nyati akampindua Kobe chali juani, miguu juu. Wenzake wakapita wakitazama pembeni. Mimi msimulizi tu, lakini naona aibu kwa niaba yao.

Tangu hapo, mchwa krr, krr, krr. "Kuna neno?" "Hakuna neno, mkubwa." Mchwa krr, krr, krr. "Kuna neno?" "Hakuna neno, mkubwa."

Sasa, jioni ya siku ile Kobe alipopinduliwa, aliyekuja kumgeuza alikuwa Nguchiro, kadogo kale kenye akili nyingi. Moyo ulimuuma, akaapa kumkomesha Nyati. Siku zikapita, akamwendea kwa adabu ya uongo.

"Shikamoo, mkubwa. Hivi mtu kama wewe unalala chini kama sisi? Kalale juu ya mtama, ule huku umejinyoosha."

"Nguzo zitanibeba?"

"Waulize wanyama wenyewe."

Nyati akawauliza, "Kuna neno?"

"Hakuna neno, mkubwa."

Akapanda. Akatafuna, kafu, kafu, kafu. Akajigeuza. Kwa! Nguzo ikakatika. Kwa! Ya pili. Ghala zima likaingia mtoni, chubwi! Nyati akaibukia ng'ambo, pembe moja imevunjika, akaenda zake asirudi tena.

Wanyama walicheka hadi wakakaa chini. Kisha wakaona mtama wao unakwenda na maji, na kicheko kikakatika.

Nguchiro alikuwa amemwona Nyati tu, mtama hakuufikiria. Alijuta sana. Kiangazi kile sipendi kukisimulia. Watoto wa Digidigi hawakukimaliza.

Wanyama wakamfanya Nguchiro mkubwa, naye akawa mpole kwelikweli. Walipoanza kujenga upya, akamwita Kobe.

"Mzee wangu, mashimo ya nguzo tunachimba hapa. Unaonaje? Sema tu, hakuna wa kukupindua."

Kobe akatazama chini. Mchwa walikuwa wamejaa tele kwenye udongo ule, naye akawaona.

"Popote upendapo, bwana," akasema, akaingiza kichwa ndani.

Ngano yangu nimeitua hapa, anayeitaka aibebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mfanyakazi mwema hasemi neno. Mchwa wenyewe hawapendi kelele.