Koja Moja la Asumini

Nipeni masikio, niwape kesi. Mjini Tanga walikuwapo watu watatu. Nassoro alipewa sura na madaha. Akiingia mahali, hata wanaomchukia hujikuta wakitabasamu. Mbaruku alipewa sauti. Bi Tatu alipewa jicho la kukata filamu, na mkono usio na huruma.

Wakatengeneza filamu ya nyimbo, "Waridi la Chumbageni". Jamani, filamu mbovu! Haina kichwa wala miguu, na bwana harusi anahutubia robo saa mbele ya mbuzi.

Bi Tatu alishika mkasi akaondoa hotuba, mbuzi, na wajomba watatu wasio na kazi. Bila yeye, watu wangetoka kabla ya wimbo wa kwanza.

Nassoro hakuweza kuimba hata kumbembeleza mtoto. Lakini alichezesha midomo, akatupa jicho, na watu wakasamehe ubovu wote. Bila yeye, wangelala.

Mbaruku aliimba nyimbo zote saba, amefichwa studio. Bila yeye, Nassoro angekuwa bubu mwenye suti nzuri. Jina lake halikuandikwa popote. "Siri hii, ndugu yangu, ndiyo inayojaza ukumbi," mtayarishaji wa filamu alimwambia. Akanyamaza miaka arobaini, na kila Idi mji mzima ulipoimba "wimbo wa Nassoro", alifunga dirisha lake kwa chuki.

Mwaka huu chama cha wapenzi wa sinema kikaandaa onyesho la alasiri, na koja la asumini kwa aliyeiokoa filamu ile. Nassoro akatakiwa aimbe jukwaani. Akamwendea Mbaruku nyumbani.

"Kaka, nisitiri mara ya mwisho. Kaa nyuma ya pazia uimbe."

"Nitakuja," akasema Mbaruku. Moyoni alifurahi, furaha mbaya.

Alasiri ile, nyuma ya pazia, Mbaruku akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Katikati ya wa tatu akafunga kinywa. Na aibike sasa! Akachungulia, akamwona Nassoro mdomo wazi, na ukumbi kimya.

Nassoro akafumba mdomo polepole, akaweka mkono kifuani. "Nimewadanganya miaka arobaini," akasema. "Mwenye sauti ni huyu." Akalivuta pazia.

Ukumbi ukalipuka. Watu walilia, wakapiga vigelegele, wakaita, "Nassoro! Nassoro muungwana!" Mbaruku aliwaka hasira. Hata kisasi chake Nassoro amekichukua, amekifanya onyesho lake.

Mwenyekiti akapanda na koja. Nassoro akarudi nyuma kumpisha Mbaruku, na watu wakazidi kumshangilia yeye Nassoro.

"Sitaki sadaka ya mtu!" Mbaruku akafoka. "Nataka haki yangu!"

"Na mimi je?" Bi Tatu akadakia kutoka viti vya nyuma. "Kama si mkasi wangu, nani angekuwa amekaa humu leo?"

Koja ni moja, na ukikata uzi wake maua yatamwagika. Haya, wenzangu mnaonisikiliza: shingo ndizo hizo tatu. Wewe ungemvika nani? Na kama ungemvika Mbaruku, ungemwambia nini akikuuliza amepewa na nani, na ukumbi au na Nassoro?