Fisi Aliyeomba Maji Yote ya Mlima

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani? Imelegea kama uji wa mgonjwa. Mimi nikiitikia pakawa, kuku wa kijiji cha pili wanataga kwa hofu. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Na kabla hamjaniuliza, Sungura hayumo. Leo kaenda ukweni. Hadithi hii tutaimaliza bila yeye, na itakuwa tamu kushinda zote mlizosikia, maana anayesimulia ni mimi.

Hapo zamani za kale, kale ile ya mawe kuwa bado laini, wanyama waliishi kwenye mteremko wa mlima mmoja mkubwa. Mkubwa kiasi gani? Ukiangusha jiwe toka kileleni, linafika chini limeshaota ndevu.

Juu ya mlima kulikuwa na kijito. Wanyama wakachimba mfereji, wakayashusha maji mpaka kwenye bwawa dogo la udongo. Bwawa hilo waliliita ndiva. Usiku ndiva inajaa. Asubuhi wanazibua tundu lake, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Leo kwa Swala, kesho kwa Ngiri, keshokutwa kwa Bi Nungunungu.

Na utaratibu ulikuwa huu. Pembe ikilia, kila mtu anatoka na jembe, wanazoa tope mfereji mzima. Kazi hiyo waliiita msaragambo. Umekuja msaragambo, una zamu ya maji. Hukuja, kaa na kiu yako. Wanazoa huku wanaimba:

Zoa tope, zoa!
Maji yapite, zoa!
Mvivu anywe jasho, zoa!

Imbeni na nyie, midomo hiyo si ya kulia mihogo tu.

Sasa, Bi Nungunungu alikuwa mjane. Ana watoto watatu, wote wana miiba na wote wana njaa. Ana shamba la magimbi, basi. Asubuhi magimbi, mchana magimbi, usiku wanaota magimbi. Na gimbi mnalijua, likikosa maji wiki mbili linanuna, likikosa mwezi linakufa. Magimbi yakifa, watoto wale hawaioni masika.

Fisi je? Fisi hakuwahi kuja msaragambo hata mara moja. Pembe ikilia, kiuno kinamuuma. Ikilia tena, kafiwa na shangazi. Shangazi yake huyo alikufa mara nyingi mpaka kaburi likawa linamkataa.

Siku moja Mfalme Simba akasafiri kwenda kumtembelea mfalme mwenzake nchi ya mbali. Mnadhani alirudi na nyama? Alirudi na sheria.

Akanguruma. Ngurumo ile, tembo wawili walizimia na mmoja akaacha shule. Akasema:

"Kuanzia leo, maji yote ya nchi hii ni ya Serikali! Anayeyataka aombe kibali kwenye Bodi ya Maji. Atakayewahi kuomba atawahi kupata. Asiye na kibali, akionekana ana ulimi mbichi, ashtakiwe!"

Mwenyekiti wa Bodi alikuwa nani? Kiboko. Walimchagua kwa sababu ya uzoefu, maana alikuwa ndani ya maji tangu azaliwe. Vikao aliendesha humo humo mtoni, macho tu yako nje. Likija swali rahisi, anajibu. Likija gumu, anazama.

Karani wake alikuwa Tumbili. Huyo alipenda muhuri kuliko ndizi. Alishaugonga kwenye milango, kwenye mawe, na kwenye paji la uso la mkewe.

Kesho yake, jogoo hajawika, nani yuko ukingoni mwa mto? Fisi! Yule yule mwenye kiuno.

"Unaomba maji kiasi gani?" akauliza Kiboko.

"Yote, mheshimiwa."

"Kwa matumizi gani?"

"Ya manufaa."

"Manufaa ya nani?"

"Yangu."

Kiboko akatikisa masikio. "Kajibu vizuri huyu. Wengi hata hilo hawalijui."

Sheria ilisema ombi litangazwe, ili mwenye pingamizi aje apinge. Tumbili akaandika tangazo zuri sana. Akatafuta mahali pa juu pa kulibandika, lionekane na nchi nzima. Akalibandika kwenye shingo ya Twiga, karibu na masikio.

Basi aliyelisoma ni Twiga peke yake. Na Twiga mnamjua, hasemi.

Pingamizi hakuna. Tumbili akagonga muhuri, pa! Kibali kikatoka.

Asubuhi ya zamu yake, Bi Nungunungu akaenda ndiva na jembe begani. Akamkuta Fisi kakalia kizibo cha tundu, anachokonoa meno.

"Pole na kazi, Bwana Fisi. Naomba upishe, leo zamu yangu."

"Zamu? Zamu ndiyo nini, Bibie? Haya maji yangu. Nina kibali, kina muhuri, nuka mwenyewe."

"Maji yako tangu lini? Mfereji huu kachimba bibi yangu!"

"Basi mwambie bibi yako aje anywe."

"Bibi yangu kafa!"

"Pole. Mimi pia nimefiwa na shangazi. Ukitaka maji, kibuyu kimoja kwa mfupa mmoja. Mfupa wenye nyama, usiniletee wa kuchezea watoto."

Bi Nungunungu akapandisha miiba. Fisi akapunga kibali. Miiba ikashuka. Jamani, mimi nimeona mengi, lakini karatasi kuangusha miiba sijaona tena.

Akaenda Bodi mara ya kwanza.

"Waheshimiwa, tumeyatumia maji yale tangu enzi za bibi yangu."

"Bibi yako aliomba kibali?" akauliza Kiboko.

"Alikufa kabla sheria haijazaliwa."

"Hapo ndipo alipokosea. Angeomba kwanza ndipo afe. Mwingine!"

Magimbi yakaanza kununa.

Akaenda Bodi mara ya pili.

"Waheshimiwa, nimekuja kupinga."

Tumbili akacheka mpaka akaning'inia kwa mkia. "Muda wa kupinga umekwisha, mama. Tangazo lilikuwa wazi kabisa."

"Lilikuwa wapi?"

"Juu."

"Na mila zetu je? Na zamu zetu?"

Kiboko akapumua, maji yakaruka. "Sikiliza, mama. Mila zimefutwa. Zamu imefutwa, pembe imefutwa. Sasa ni sheria."

"Na msaragambo?"

"Na msaragambo! Vyote vya kizamani tumefuta. Mwenye kibali ndiye mwenye maji, na mambo yote ya maji ni juu yake. Nenda nyumbani."

Bi Nungunungu akaenda nyumbani. Lakini njiani akasimama. Akarudia polepole: "Na msaragambo." Akatembea kidogo, akasimama tena. "Mambo yote ya maji ni juu yake." Akatazama mlimani. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika. Akatazama chini ya ndiva. Kulikuwa na nini chini ya ndiva? Kasri ya Simba! Mfalme aliijenga pale alale akisikia maji yakiimba.

Msiniulize alifikiri nini. Mimi nilielewa papo hapo, nyie subirini.

Akaenda Bodi mara ya tatu. Safari hii alihakikisha Fisi yupo. Akajitupa chini, akalia kilio ambacho mamba mwenyewe angelipa kujifunza.

"Waheshimiwa! Kijito mmempa Bwana Fisi, sawa. Ndiva mmempa, sawa. Mimi mjane naomba kitu kimoja. Mvua! Mvua msimpe! Ikinyesha, maji yake yasiwe ya Bwana Fisi, nawaomba kwa jina la watoto wangu!"

Masikio ya Fisi yakasimama.

"Mvua?" akasema. "Hivi kumbe mvua haimo?"

Tumbili akaangalia. "Haimo."

"Jamani! Mnanipunja hivi hivi nikiwa mzima? Naomba kibali kibadilishwe!"

"Usifanye hivyo, kaka yangu!" akalia Bi Nungunungu. "Tuachie walau mafuriko!"

"Na mafuriko!" akasema Fisi. "Andika!"

"Umande je, tutalamba nini?"

"Na umande! Andika maji yote yanayoshuka mlimani, yanapotoka mpaka yanapofika, yawe ya Fisi peke yake na asiguse mtu!"

Mabadiliko nayo lazima yatangazwe. Twiga akabandikwa tena. Akasoma, akatafuna majani, akanyamaza. Pa! Muhuri.

Bi Nungunungu akatoka analia, "Uwii, tumekwisha!" Akalia mpaka alipopinda kona. Alipopinda kona akacheka, miiba kumi na saba ikadondoka.

Akapita kwa Swala, akapita kwa Ngiri, akanong'ona kidogo hapa, kidogo pale. Jioni kila mtu akatundika jembe lake ukutani.

Mfereji ukaanza kuziba. Jani moja leo, tawi moja kesho, tope likavimba. Fisi akaona maji yanapungua ndani ya ndiva. Akapiga pembe. Akapuliza mpaka macho yakamtoka yakarudi. Hakutoka hata panya.

Akaenda kwa Ngiri. "Shemeji, hujasikia pembe?"

"Nimesikia kelele. Pembe si ilifutwa, shemeji?"

Akaenda kwa Swala. "Ndugu yangu, twende msaragambo."

"Ningekuja, ila nimefiwa na shangazi."

Akaenda kwa Bi Nungunungu, kajinyenyekeza, mkia katikati ya miguu.

"Dada, mfereji umeziba. Mvua zinakuja, ndiva itapasuka. Waite wenzako mzoe tope. Si ndiyo mila yenu?"

Bi Nungunungu alikuwa anafunika mashina ya magimbi kwa majani makavu, angalau nusu yapone. Hata hakuinua kichwa.

"Mila imefutwa, kaka. Maji yako, tope lako. Nani atathubutu kugusa mali ya mtu yenye muhuri?"

Fisi akashika jembe mwenyewe. Akazoa mara mbili. Kiuno kikamuuma, na safari hii kweli. Akalala.

Basi masika ikaja. Nyie mnaita mvua hivi vinavyonyesha siku hizi? Mvua ile, tone moja lilijaza pipa! Samaki waliomba wapewe mwamvuli! Maji yakateremka mlimani, yakafika kwenye mfereji, yakakuta tope. Yakafika kwenye ndiva, yakakuta tope. Yakarudi nyuma, yakajikusanya, yakasema hapana.

Pwaaa! Ndiva ikapasuka.

Maji yakaingia kasri ya Simba kwa mlango wa mbele, yakatoka na kitanda kwa mlango wa nyuma. Simba alikuwa juu ya kitanda. Akasafiri nacho mpaka kwenye kichuguu, akakwama. Manyoya yote yamelala. Simba akilowa, ndugu zangu, ni paka tu, lakini mwambieni nyie.

Kulipokucha akaita baraza. Alikuwa anapiga chafya, na kila chafya inang'oa mti.

"Maji haya ya nani?"

Fisi akawahi, kama kawaida yake. "Ya Serikali, Mtukufu! Sheria yako nzuri ilisema maji yote ni ya Serikali."

"Kwa hiyo nimejizamisha mwenyewe?"

Simba akamgeukia Kiboko. Kiboko akazama. Akamgeukia Tumbili. Tumbili akakunjua kibali, akasoma: "Maji yote yanayoshuka mlimani, ya mvua na ya mafuriko, yanapotoka mpaka yanapofika, ni ya Fisi peke yake na asiguse mtu."

"Yamefika wapi?" akauliza Simba.

Wanyama wote kwa pamoja: "Kitandani kwako, Mtukufu!"

"Nilikuwa natania!" akapiga kelele Fisi. "Mimi mwenyewe maji siyapendi! Niulizeni mara ya mwisho nilioga lini!"

Haikusaidia. Simba akafuta kibali pale pale. Akamhukumu Fisi azoe tope la mfereji mzima, toka kijitoni mpaka ndiva, peke yake, bila wimbo. Fisi akazoa, miguu ya nyuma imezama topeni, mzigo uko mgongoni. Alipomaliza, miguu ya nyuma ilikuwa imedidimia ikawa mifupi na mgongo umeporomoka. Mtazameni mpaka leo, ukimwekea yai shingoni linateleza hadi mkiani. Wenye elimu watawapa sababu nyingine. Wasikilizeni kwa heshima, halafu muwaache.

Simba akamwambia Bi Nungunungu, "Haya mama, rudini kwenye mila zenu."

Mnadhani alisema asante akaondoka? Wapi!

"Hapana, Mtukufu. Mila tulikuwa nayo, mkaifuta asubuhi moja kabla hatujanawa uso. Sasa tunaomba kibali. Kisiwe cha mtu mmoja. Kiwe cha wote wanaozoa tope, na zamu zetu ziwe ndani. Na tangazo lisibandikwe, lisomwe kwa sauti, hapa barazani, mpaka kiziwi akereke."

Simba akakubali. Kiboko naye akaibuka, akasema Bodi ilikuwa na wazo hilo hilo tangu mwanzo. Akapewa nishani.

Ndiva ikajengwa upya. Nusu ya magimbi ilikuwa imekufa, nusu ikachipua. Zamu ya Bi Nungunungu ilipofika, akazibua tundu mwenyewe. Maji yakapita kati ya matuta, na watoto watatu wakayafuata wakikimbia, wanachuruzika matope mpaka puani. Hakuna aliyewauliza wana kibali gani.

Hadithi hii inatufundisha hivi. Kama una haki yako ya tangu bibi, usiilalie. Ifuate serikalini ingali mikononi mwako, maana kuna mtu kaamka kabla yako. Na wewe unayeomba upewe kila kitu peke yako, jua utapewa pamoja na tope lake.

Nami naishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni kwa zamu. Ikiwa chungu, nirudishieni niitafune mwenyewe, meno ninayo.