Karani Aliyechagua Msumeno Vizuri

Wapendwa, leo nataka tumwangalie mtu mwema. Wabaya tumewasema vya kutosha kwenye mimbari hii, na wengi wao hata hawakuja kusikiliza.

Palikuwa na karani mmoja mstaafu huko milimani. Miaka thelathini na moja alikaa ofisini akipiga mihuri, na alipostaafu alirudi nyumbani na tabia zote za ofisi, isipokuwa muhuri wenyewe, ambao walimnyang'anya mlangoni. Nyumba yake ilikuwa juu, kando ya barabara. Shamba lake lilikuwa chini kabisa, bondeni. Na kati ya shamba na nyumba palikuwa na njia ya kupanda, ya wima kiasi cha kumfanya mtu akumbuke dhambi zake moja moja.

Adhuhuri moja mkewe aliingia uani, akatua mzigo wa kuni kutoka kichwani, akashika shingo, akasema, wala hakumwambia mtu, alisema tu: "Hizi kuni zitanimaliza."

Karani akasikia. Tumpe haki yake, alisikia. Ni wanaume wangapi humu ndani ambao wangesikia? Msijibu, wake zenu wamekaa upande ule.

Alisikia na akaogopa, maana wiki ile ile tabibu wa zahanati alikuwa amemwambia mama yule kwamba mifupa ya shingo imeanza kubanana, na kwamba asipopunguza mizigo, mkono wa kulia utakufa ganzi. Mkono ule ndio uliomlea karani na watoto wake watano. Alimpenda mkewe. Basi akafanya kile ambacho mtu wa namna yake hufanya akimpenda mtu: akafungua faili.

Juu ya jalada akaandika kwa herufi kubwa: UNUNUZI WA MSUMENO. Kule bondeni kulikuwa na vichaka, na visiki vya mikaratusi vilivyochipua miti ya unene wa mkono na mingine ya unene wa paja. Akaamua kununua msumeno wa mnyororo, ule wa petroli, ambao watu huuita chenso. Atasafisha shamba, na kuni zitapatikana humo humo. Mambo mawili kwa pamoja. Hata mimi ningemsifu.

Akashuka mjini, dukani kwa fundi mmoja mwenye vidole tisa. Karani alivihesabu, akaridhika. Kwa mashine ya aina ile, aliona afadhali kushauriwa na mtu aliyewahi kukosea. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye msumeno mkubwa kuliko yote, wenye upanga wa kuzungushia mnyororo mrefu kama mguu wa mtu mzima.

"Unataka kukata nini, mzee?" fundi akauliza.

"Vichaka. Na kuni za nyumbani."

"Mbao hupasui?"

"Sipasui."

"Basi huo uache hapo hapo. Jirani yako mmoja alinibishia akauchukua. Sasa anautumia kuonyesha wageni." Fundi akateremsha mdogo, wa upanga wa inchi kumi na nne. "Huu ni kilo tano. Mkono ukichoka ndipo mtu anapojikata, kwa hiyo chukua ule ambao mkono wako utauweza mpaka saa sita mchana. Petroli uchanganye na oili yake, usikadirie kwa jicho. Na glavu, na miwani, na kofia ngumu, na mabuti. Usiniambie utavaa ndala."

Karani aliandika yote. Mnaona? Hakuwa mtu wa majivuno. Alishauriwa, akakubali, akaacha kikubwa akachukua kinachomfaa. Wangapi wetu tunaliweza hilo?

Kikabaki kibali cha kumiliki msumeno. Kwenye ofisi ya misitu fomu ilitaka namba ya msumeno, na muuzaji alikuwa hatoi msumeno bila kibali, kwa hiyo namba ilibidi ikopwe kwanza, kama sukari. Karani hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu zake. Lakini penye "Sababu ya maombi" aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Mke wangu amechoka.

Kijana wa dirishani akairudisha. "Mzee, hiyo sababu haipo."

"Ipo. Nimemwacha nyumbani."

"Namaanisha kwenye orodha haipo. Andika 'matumizi ya nyumbani'."

Akaandika matumizi ya nyumbani. Na mke akawa ameingia serikalini kwa jina hilo.

Miezi miwili ilipita kibali kikisubiriwa. Miezi miwili karani alikaa barazani akisoma kijitabu cha maelekezo alichopewa na fundi, akijifunza jinsi ya kunoa mnyororo na wapi pa kusimama mti unapoanguka. Kila adhuhuri mkewe alipita hapo na mzigo wake kichwani kwenda jikoni, na kila adhuhuri karani alikunja miguu ili apite. Mtu mstaarabu kabisa.

Siku ikafika. Karani alivaa kila kitu alichoambiwa avae, akashuka bondeni alfajiri, na msumeno ukawaka kwa mvuto wa tatu wa kamba. Hadi saa sita alikuwa amesafisha pande zote mbili za mfereji wa maji unaopita shambani. Na kuni! Alizikata vipande vya urefu mmoja, akazipanga rundo la kumfika kifuani. Akavua kofia ngumu, akaita kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Mama Mbonea! Njoo uone!"

Mama Mbonea akashuka. Akalizunguka rundo lote polepole.

"Umekata vizuri, Baba Mbonea. Zote sawasawa, utafikiri zimepimwa."

"Zimepimwa."

"Nimeona." Akainua kipande kimoja kwa mkono wa kushoto, akakirudisha. "Sasa, zinapandaje?"

Karani akazitazama kuni. Akautazama mlima. Faili lake lilikuwa na kurasa arobaini, na mlima haukuwamo hata kwenye ukurasa mmoja.

"Si... kama siku zote?"

"Kama siku zote ni mimi." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Mume wangu, kukata sijawahi kukulalamikia. Kukata ndiko kulikokuwa kupumzika kwangu. Panga langu lilinikatia kidogo, na hicho kidogo ndicho nilichobeba. Wewe umenikatia za miezi minne. Tena mbichi, zimejaa maji. Na mchwa wa bonde hili hawasubiri kikao."

Mnasikia, wapendwa? Alichagua msumeno sahihi. Upanga sahihi, oili sahihi, muhuri sahihi. Na kwa hekima hiyo yote alikuwa amemwongezea mkewe mzigo.

Mama yule akafungua khanga yake ya juu, akaanza kuiviringa iwe ngata ya kichwani. Karani akamwona anavyoviringa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa haufumbi vizuri.

"Nipe hiyo," akasema.

"Utachekwa."

"Nipe, Mama Mbonea."

Alichekwa. Kulikuwa na wanaume wawili wakizibua mfereji, na mmoja akaacha jembe kabisa. "Bwana Afisa! Hicho cheo wamekupandisha lini?" Mwenzake akadakia, "Mwache, anakwenda kuwapikia!" Karani alikuwa ameshatwishwa mzigo. Alikuwa anatafuta jibu zuri, lakini mwenye kuni mbichi kichwani hageuzi shingo, na jibu bila kugeuka halina nguvu. Akaanza kupanda, mkewe nyuma yake amebeba ule msumeno wa kilo tano na kofia ngumu.

Hatua mia moja za kwanza alizihesabu. Baada ya hapo akaacha kuhesabu, akawa anapumua tu. Shingo ilizama mabegani. Jasho lilimwingia machoni, na mkono wa kufuta haukuwepo. Alipofika kwenye kona ya katikati, magoti yakakataa.

"Usitue chini," mkewe akamwambia kutoka nyuma. "Ukitua hutaupandisha tena peke yako. Rudi kinyumenyume kwenye ukingo. Pale palipobonyea."

Ukingo wa njia kwenye kona ile ulikuwa na mahali palipobonyea, laini, pameng'aa kama kiti cha zamani. Karani alipajua. Alikuwa amepita hapo tangu aoe, na siku zote alidhani ni ng'ombe wanaojikuna. Akarudi kinyumenyume, akaegemeza mzigo, na mzigo haukukaa. Palikuwa chini mno. Ilimbidi akunje magoti, ashuke, ashuke tena, mpaka akawa na kimo cha mkewe. Ndipo mzigo ukakaa.

Akasimama pale, magoti yamekunjwa, analia. Pale hapakuchongwa na ng'ombe. Palichongwa na mtu mmoja, kwa kimo chake mwenyewe, akiegemea peke yake kila siku kwa miaka thelathini, hatua mia mbili kutoka kwenye baraza la mumewe.

Ndugu zangu, sisi si watu wabaya. Tukisikia mtu wetu amechoka, tunahangaika. Tunaunda kamati, tunachangisha, tunanunua, tunapiga picha tukikabidhi. Tunachagua ile sehemu ya kazi yenye mngurumo na harufu ya petroli, ile ambayo mtu akiifanya anasikika mpaka barabarani. Kupanda mlima tunamwachia yule yule aliyekuwa anapanda. Halafu tunashangaa mbona hashukuru.

Kwa hiyo leo mkirudi nyumbani, yupo mtu anayebeba kwa ajili yako. Unamjua, umeshamfikiria. Usianze kumuuliza anahitaji kununuliwa nini. Muulize huwa anapumzikia wapi. Kisha nenda mwenyewe mpaka hapo, na mzigo kichwani, ukunje magoti.