Pimbi na Sifa Zisizo na Jina

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na majiko yao na simu zao za mkononi, palikuwa na baraza la mtandaoni ambako kila mwenye blogu aliandika yake. Sheria ya baraza ilikuwa moja: blogu mpya isiyopata maoni hata ya mtu mmoja hadi mwezi uandame, ilifutwa.

Pimbi alikuwa mgeni humo. Aliandika mapishi ya marehemu mkewe, Bi Sikudhani: kisamvu cha karanga, maboga ya nazi, uji wa pilipili manga. Hayakuwa yameandikwa popote pengine. Lakini hakuna aliyemwambia neno. Wote walikuwa kwa Tembo, aliyeandika habari za Tembo, au kwa Kiboko, aliyekuwa akimjibu Tembo.

Mwezi ukabaki kama ukucha. Pimbi akaenda mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Naomba unipitie kwenye blogu yangu."

"Marahaba. Unaandika nini?"

"Mapishi ya mke wangu."

Kiboko akapiga miayo. "Mwanangu, mimi nasoma mambo makubwa. Kwani humo umenitaja?"

"Hapana, mzee."

"Sasa nije kufanya nini?"

Pimbi alirudi nyumbani kichwa chini. Katikati ya njia akasimama. Akaanza kucheka, kwi, kwi, kwi, mpaka akafika jikoni kwake, akateleka chai na kuandika:

"Mwituni humu yupo mmoja tu ajuaye kula. Ana nyumba yake mwenyewe. Hana haraka. Akiwa njiani, wenye adabu humpisha, na alikopita huonekana hata kesho yake. Kisamvu hiki ni kwa heshima yake."

Chini akaweka mapishi, hatua kwa hatua. Chini kabisa, jina.

Chai haijapoa, simu ikalia, ting.

"Nashukuru kwa kunitambua," aliandika Tembo. "Nikipita mahali, hata kipofu anajua."

Ting. "Hasa wenye mashamba," akajibu Kiboko. "Imesemwa mwenye nyumba yake. Wewe unalala wapi?"

Ting, ting. "Nyie wazee tulieni," akaingia Nyati. "Tunaopishwa njiani tunajijua."

"Wewe unapishwa kwa harufu," akasema Kiboko.

Mwitu mzima ukaja kutazama ugomvi. Kufika alasiri, blogu ya Pimbi ilikuwa juu kabisa ya baraza, na simu yake ilitetemeka mezani, drrr, drrr, hadi ikaanguka chini, puu.

"Pimbi," Tembo akaandika mwishowe, "tumalizie ubishi. Ni nani kati yetu?"

"Shikamoo, babu. Nimemtaja chini kabisa, baada ya chumvi."

Kila mmoja aliteremka peke yake, akapita majani, akapita karanga, akapita tui, akafika kwenye chumvi. Hapo pameandikwa: "Naye ni jirani yangu, Konokono."

Ndipo ikaja ting moja, ndogo.

"Samahani, jirani, nimechelewa," aliandika Konokono. "Nilianza kusoma asubuhi, ndiyo kwanza namaliza. Karanga zikaangwe kabla ya kutwangwa, au zitwangwe mbichi?"

Pimbi alilisoma swali hilo, akalirudia.

"Zikaangwe kwanza, moto mdogo," akajibu. "Sikudhani hakukubali vinginevyo."

Tembo ndiye aliyeanza kucheka, akajicheka mwenyewe hadi miti ikatikisika. Nyati akafuata. Kiboko naye akaandika: "Na asiyepata nazi, mwanangu, afanyeje?"

Jioni ile moshi ulipanda kutoka kila jiko, na mwituni hapakusikika ila twanga, twanga ya kisamvu.

Basi watoto, hadithi imefika mwisho, nasi tubaki na hili: asiyesoma hadi mwisho hugombania sifa za jirani yake.