Daftari la Saa Mbili

Sogeeni, na anayejifanya anaijua hii anyamaze, maana huko alikoisikia waliikata mkia.

Milimani Makete palikuwa na ofisi ya kupeleka damu na dawa kwenye zahanati. Kila gari lilikuwa na kidude kinachoiambia seva, kompyuta kubwa ya ofisi, lilipo. Seva iliandika kila ujumbe kwenye logi, yaani daftari lake. Daftari likiachwa linavimba mpaka linaijaza mashine, na mashine ikijaa inazimia. Kwa hiyo wanawake watatu walilifuga.

Ezelina alikata kwa muda. Saa ikigonga anafunga daftari, analiandika siku na saa yake, anafungua jingine.

Sekela alikata kwa ukubwa. Likifika megabaiti mia analifunga, hata kama dakika haijaisha. Tena alitunza kumi tu: la kumi na moja likizaliwa, la zamani kuliko yote linafutwa.

Sigrada hakukata kitu. Huyo hata kopo tupu hatupi. Kila daftari lililofungwa alilinakili kwenye diski yake, akaificha kwenye bati la biskuti. Wenzake walimwita panya.

Sasa, asubuhi moja ya ukungu, kidude cha gari bovu lililolala uani kilipata wazimu, kikawa kinaipigia seva kelele mara elfu kwa sekunde. Madaftari yakafurika. Na saa mbili ya asubuhi hiyohiyo dereva Osea, akiwa njiani, alimpigia mkewe, Atuganile, akasema haoni barabara. Simu ikakatika.

Atuganile alifika ofisini na mimba ya miezi tisa, kanga imelowa umande. Kwenye kioo cha kompyuta gari la mumewe halikuwepo; gari likinyamaza, linatoweka. Akaonyeshwa orodha ya madaftari. La saa mbili lilikuwa juu kabisa, limebaki moja tu, la zamani kuliko yote. Alipolinyooshea kidole, jipya likazaliwa na hilo likafutika. Alijishika tumbo, akahisi mtoto naye ametulia tuli, kama anayesikiliza.

Hapo Sigrada akafungua bati.

Kwenye diski mlikuwa na madaftari mia nne. Yenye alama ya saa mbili ya asubuhi ile yalikuwa sita. Wakayasoma huku Atuganile akihesabu pumzi, na katika la tano wakakuta mstari wa mwisho wa Osea: kona ya juu ya daraja. Walimtoa korongoni, chini ya kona hiyo, akiwa baridi kama samaki, mguu umevunjika. Daktari alisema nusu saa zaidi wangebeba maiti.

Osea akaapa kitandani kwamba mtoto atapewa jina la aliyemtoa korongoni. Jina moja, si msururu. Siku ya tatu akazaliwa binti, na wale watatu wakaja na uji.

"Bila saa zangu mngekuwa mnasoma mpaka leo," Ezelina alisema.

"Bila kisu changu mashine ingezimia alfajiri," akasema Sekela. "Mumeo asingeandikwa popote."

"Kisu hichohicho ndicho kilichomfuta, dada," akajibu Sigrada, akipakata bati lake.

Atuganile aliwatazama, mtoto kifuani hana jina. Anaogopa kuwadhulumu wawili kwa kumtaja mmoja.

Haya, nyinyi mliokunja nne mkinisikiliza: binti huyu mngemwita nani?